Ramadhani mbili za Bangladesh: Tahadhari ilivyojifunza kubisha hodi

Na Mwandishi Wetu

Ilikuwa katikati ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, mwaka 1390 Hijria, sawa na usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1970. Familia za visiwa na mwambao wa Ghuba ya Bengali, katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Pakistani ya Mashariki, zilifuturu, zikaswali, zikalala. Mwezi ulikuwa umekaribia kupea na bahari ilikuwa katika maji ya bamvua. Kimbunga kilichokuwa kikija kutoka kusini kilitua pwani wakati maji yamejaa. Upepo ukaisukuma bahari juu ya nchi iliyo tambarare kama jamvi, na bahari ikapita juu ya mashamba ya mpunga, juu ya mapaa ya nyasi, juu ya watu waliokuwa wakingoja kuamka kula daku.

Hakuna ajuaye kwa yakini ni wangapi waliofikwa na mauti usiku ule. Makadirio ni kati ya watu 300,000 na 500,000. Katika wilaya moja iitwayo Tazumuddin, karibu nusu ya wakazi wote walipotea. Hakuna kimbunga kingine katika historia iliyoandikwa kilichoua watu wengi kiasi hicho.

Sasa tusogee mbele miaka 50. Tarehe 20 Mei 2020, siku chache kabla ya Idi-ul-Fitri ya mwaka 1441, kimbunga kingine kilichopewa jina la Amphan kiliijia ghuba ileile. Dunia ilikuwa katika hofu ya korona, na watu walikuwa wakiambiwa wasikusanyike. Hata hivyo, kabla ya upepo kufika, zaidi ya watu milioni 2 wa Bangladesh walikuwa wamekwisha kuondolewa majumbani mwao na kupelekwa katika majengo ya hifadhi. Waliofariki nchini humo hawakufika 40.

Uadilifu unatutaka tuseme kwamba vimbunga hivyo viwili havikulingana. Amphan kilipungua nguvu kabla ya kutua, na kilitua zaidi upande wa India. Basi tuchukue mfano ulio karibu zaidi na ule wa 1970. Tarehe 15 Novemba 2007 kimbunga Sidr, chenye nguvu zisizopungua zile za 1970, kiliipiga Bangladesh yenyewe. Waliofariki walikuwa takriban 3,400. Msiba ni msiba, na kila nafsi ina uzito wake mbele ya Mola wake. Lakini kutoka laki kadhaa hadi elfu tatu na ushei ni tofauti inayomtaka mwenye akili aulize: kulifanyika nini katikati?

Walisikia, lakini waende wapi?

Jambo la kusikitisha katika maafa ya 1970 ni kwamba habari za kimbunga hazikukosekana. Setilaiti ilikwisha kukiona, na redio ilikwisha kutangaza. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba walio wengi katika eneo lile walijua kuna kimbunga kinakuja. Waliokimbilia kwenye majengo imara walikuwa wachache mno, takriban mmoja katika kila mia.

Kwa nini? Kwanza, majengo imara hayakuwepo. Mtu wa kisiwa kisicho na kilima wala ghorofa, akiambiwa "jihadharini", anajihadhari wapi? Pili, tangazo lilitoka mbali, kwa lugha ya maofisa, na halikumweleza mkulima ni lini aondoke, apite njia gani, afikie kwa nani. Tahadhari isiyokuwa na njia ya kuifuata haimfai anayeisikia. Humwongezea hofu tu na kumwacha palepale alipo.

Msaada nao ulichelewa. Hasira za wananchi dhidi ya serikali kuu iliyokuwa mbali, upande wa magharibi, zilichangia matokeo ya uchaguzi wa Desemba mwaka uleule, na mwaka uliofuata vita vikazaa taifa jipya la Bangladesh. Serikali changa ilirithi nchi maskini, iliyobomolewa na vita, na yenye mwambao uliojaa makaburi. Sera yake ya kwanza ya kuwalinda watu wa pwani ilianzia hapo, mahali ambapo fedha hazikuwepo.

Amana iliyokabidhiwa kwa majirani

Kwa kuwa haikuwa na uwezo wa kujenga kuta na majengo kila mahali, serikali ilianza na kile ilichokuwa nacho, yaani watu. Mwaka 1972, kwa ushirikiano na harakati za Msalaba Mwekundu, ambazo nchini humo leo ni Hilali Nyekundu, ulianzishwa Mpango wa Kujiandaa na Vimbunga. Mwaka 1973 serikali iliukubali rasmi kuwa wake na wa Hilali Nyekundu kwa pamoja. Ulianza na watu wa kujitolea wapatao 20,000. Leo wanazidi 76,000, na nusu yao ni wanawake.

Hawa si askari wala watumishi wa kulipwa mishahara. Ni wakulima, walimu, wauza duka, wavuvi na mama wa nyumbani, kila mmoja katika kijiji chake. Vifaa vyao ni vya kawaida: redio, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungusha kwa mkono, koti la mvua, buti na bendera. Idara ya hali ya hewa ikipandisha daraja la hatari, bendera hupandishwa mahali ambapo kila mtu ataiona. Bendera moja ni kukaa macho. Bendera mbili, hatari inakaribia. Bendera tatu, hatari kuu; hapo hakuna tena la kujadiliana, ni kuondoka.

Kisha huja hatua ambayo mitambo haiiwezi. Wahusika hupita nyumba kwa nyumba. Misikiti nayo huingia katika kazi hiyo, kwani kipaza sauti kinachowaita watu kwenye swala ndicho kinachofika mbali zaidi kijijini, na sauti itokayo humo ni ya mtu wanayemjua. Mzee aliyeipuuza redio ya mji mkuu ni vigumu kumpuuza mwadhini wake, au kijana wa jirani aliyesimama mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika, akisema, "Bibi, nimekuja kukubeba."

Hapo ndipo ilipo siri ya sera hii. Serikali ilibaki na kazi zake: kupima upepo, kutoa amri, kujenga, kulipia. Lakini ile hatua ya mwisho, kutoka kwenye tangazo hadi mguu wa mtu kuvuka kizingiti, iliikabidhi kwa majirani kama amana, ikawafundisha, ikawapa vifaa, na ikairudia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, hata miaka ambayo kimbunga hakikuja.

Swali la mwaka 1991

Hata hivyo, njia haikuwa nyoofu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1991, kimbunga chenye upepo wa takriban kilomita 250 kwa saa kiliipiga pwani ya Chittagong, na maji ya bahari yakainuka kiasi cha mita 6. Walifariki watu takriban 138,000. Mpango ulikuwepo, tahadhari ilitolewa, bendera zilipanda. Lakini majengo ya hifadhi yalikuwa mia chache tu kwa mamilioni ya watu.

Wataalamu waliozihoji kaya za mwambao baada ya maafa hayo walikuta jambo moja lililo wazi. Katika watu waliowachunguza, wote waliofika kwenye jengo la zege au matofali walisalimika. Miongoni mwa wasiofika, zaidi ya mmoja katika kila watano alikufa.

Na lilibainika jambo la pili, zito zaidi kwa kila mwenye familia. Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 20 hadi 44, walifariki wanawake 71 katika kila 1,000, ilhali wanaume walikuwa 15. Upepo ulikuwa mmoja na maji yalikuwa yaleyale. Kwa nini basi mama afe karibu mara tano zaidi ya baba?

Majibu yalipatikana ndani ya nyumba. Mume alikuwa sokoni au baharini, na mke alimngoja arudi ndipo waondoke, kwa kuwa hakuzoea kutoka bila ruhusa. Mwingine alikuwa na watoto watatu na mikono miwili. Mwingine alibaki kulinda mbuzi na akiba ya mchele, kwa hofu kwamba akirudi atakuta wameibiwa, naye ndiye atakayeulizwa. Wengi hawakufundishwa kuogelea, na vazi refu la sari liliwazonga miguu majini. Wengine walifika hadi mlango wa hifadhi, wakaona chumba kimoja kimejaa wanaume kwa wanawake, hakina faragha wala choo cha peke yao, wakarudi majumbani kulinda sitara zao.

Wanawake hawa hawakufa kwa ujinga. Walikuwa wakitimiza wajibu kama walivyoelewa. Kosa lilikuwa la wale waliochora majengo pasipo kumuuliza mwanamke, na la wale waliotuma tahadhari ikaishia kwa wanaume barazani. Lilikuwa pia kosa la kila nyumba ambayo haikuzungumza mapema nani ataamua endapo baba hayupo.

Sera ilibadilika. Baada ya 1991 yalijengwa maelfu ya majengo ya hifadhi, mengi yakiwa shule zilizoinuliwa juu ya nguzo nene. Siku za kawaida watoto husoma ghorofani. Siku ya kimbunga maji hupita chini na watu hukaa juu. Shule inayotumika kila siku haigeuki gofu, na kila mtoto anaijua njia yake hata gizani. Majengo mapya yakawekewa vyumba na vyoo vya wanawake. Na wanawake wakaingizwa kwa wingi katika vikosi vya kujitolea, kwa sababu iliyo dhahiri: mwanamke ataingia hadi jikoni kwa mwenzake, atamsaidia mzazi mwenye kichanga, atazungumza na binti asiyeweza kuzungumza na mwanamume wa kando.

Hata mifugo ilikumbukwa. Kwa maskini, ng'ombe ndiye benki, na asiyejua ng'ombe wake atakuwa wapi haondoki. Tangu miaka ya 1970 yaliinuliwa matuta mapana ya udongo yaitwayo killa, ambako wanyama hupandishwa maji yasiwafikie. Anayejua kwamba mali yake imesitirika huondoka mapema.

Pengo kati ya wanawake na wanaume limepungua, lakini halijafutika. Hata katika Sidr wanawake walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliofariki.

Tuta linaloweza kugeuka mtego

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: kwa nini serikali isijenge ukuta tu, bahari ikabaki huko? Bangladesh ilikwisha kujaribu. Tangu miaka ya 1960, hata kabla ya uhuru, pwani ilizungushiwa matuta ya udongo. Leo kuna maeneo 139 yaliyozungushiwa matuta hayo, yenye urefu wa takriban kilomita 6,000, pamoja na milango ya kuingizia na kutolea maji. Lengo la mwanzo lilikuwa kuzuia maji ya chumvi ili mpunga ustawi, na kwa miaka kadhaa ulistawi.

Lakini mito ya nchi ile hubeba tope jingi, na zamani tope hilo lilitandazwa mashambani na kuiinua ardhi kidogo kidogo. Tuta lilipowekwa, tope likakosa pa kwenda, likajaza mito. Mito ikawa juu, mashamba yakawa chini, na maji ya mvua yakatuama kwa miezi bila kutoka. Huko kusini magharibi, katika bonde la Dakatia, mwaka 1990 wanavijiji wenyewe walilikata tuta ili mto urudi na tope lake. Baadaye wahandisi waliifuata njia hiyo na kuifanya sehemu ya sera, wakiruhusu mto uingie bonde moja kwa miaka kadhaa, kisha jingine.

Mwaka 2009 kimbunga Aila kilitoa somo jingine. Waliofariki Bangladesh walikuwa takriban 190, idadi ndogo kwa historia ya pwani ile. Lakini matuta yalibomoka, maji ya chumvi yakaingia na kutoka kila siku pamoja na bahari, na maelfu ya familia ziliishi katika vibanda juu ya mabaki ya matuta hayo kwa zaidi ya mwaka mzima. Serikali iliziokoa roho ikachelewa kuziokoa riziki. Tuta lisilokarabatiwa ni hatari kuliko kutokuwa na tuta, kwa sababu watu hulala wakiliamini.

Ipo pia ngome isiyojengwa na mwanadamu. Msitu wa mikoko wa Sundarbans, ambao Bangladesh inauchangia na India, hukata makali ya upepo na mawimbi kabla hayajafika vijijini. Idara ya misitu imekuwa ikipanda mikoko katika ardhi mpya za pwani tangu miaka ya 1960.

Haya yote yamekuja kuandikwa katika mkakati wa tabianchi wa mwaka 2009, ulioambatana na mfuko uliotengwa kutoka hazina ya nchi yenyewe. Katika Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2012. Na katika mpango wa delta wa hadi mwaka 2100, uliopitishwa 2018. Nchi ambayo mchango wake katika kuipasha dunia joto ni mdogo mno imelazimika kulipa kabla ya waliosababisha hawajalipa.

Na wapo ambao sera bado haijawasitiri. Katika kambi za Cox's Bazar wanaishi wakimbizi wa Kirohingya wapatao milioni moja, katika vibanda vya mianzi na turubai, kwani hawaruhusiwi kujenga nyumba za kudumu. Wamefundishwa bendera na vipaza sauti kama wenyeji wao. Lakini bendera tatu zikipanda, swali lao ni lile la mwaka 1970: waende wapi?

Sisi wa mwambao huu

Habari za Ghuba ya Bengali hazituhusu kwa huruma tu. Bahari yetu ni moja, Bahari ya Hindi. Wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha Aprili 1952. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kutua kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mto Ruvuma. Tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Alhamdulillah, kilikuwa kimepungua nguvu. Hata hivyo, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na mvua ziliikata barabara kuu ya Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Tanzania haikukaa bure. Kuta zimejengwa katika baadhi ya fukwe za Dar es Salaam, mikoko imepandwa Bara na Visiwani, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza habari za Hidaya siku kadhaa kabla.

Kilichobaki ni lile swali la Bangladesh: baada ya tangazo, nani anabisha hodi? Je, kamati ya mtaa wako unaijua? Je, kuna mwanamke ndani yake? Jengo gani la pwani yako lina ghorofa na nguzo za kutegemewa, na funguo zake anazo nani usiku? Imamu amekwisha kuelezwa kwamba siku hiyo kipaza sauti chake kitahitajika? Maswali haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji kikao kimoja baada ya swala ya Ijumaa, na mwenyekiti wa mtaa aalikwe.

Wapo watakaosema kwamba ajali ni ya Mwenyezi Mungu na haina kinga. Ni kweli, ajali ni yake. Lakini wengi tunakijua kisa cha bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa hoja ya tawakali, na jibu alilopewa na Mtume (SAW). Wabangladeshi ni Waislamu kama sisi kwa wingi wao. Waliendelea kumtegemea Mola wao, na wakajenga shule juu ya nguzo.

Kikao cha familia

Kwa familia zinazoishi karibu na bahari au mito mikubwa, haya ni mambo manne ya kuzungumza nyumbani wakati jua bado linawaka.

Kwanza, ruhusa. Baba au mume aitamke leo, mbele ya watoto: tahadhari ikitolewa na mimi sipo, msiningoje. Neno hilo moja lingewaokoa wengi mwaka 1991.

Pili, mahali na njia. Familia ichague jengo moja, iende huko kwa miguu pamoja na watoto, ili hata giza likiingia miguu yao iwe inaijua njia.

Tatu, nani anambeba nani. Bibi asiyeweza kutembea, mtoto mchanga, ndugu mlemavu, kila mmoja awe na mtu wake kwa jina. Jirani anayeishi peke yake naye awe na mtu wake.

Nne, fungu la kuondoka nalo: vyeti, dawa, maji, tochi, na nguo ya sitara isiyozonga miguu. Na mabinti wafundishwe kuogelea, katika faragha inayostahiki. Elimu hiyo ni kinga ya nafsi.

Kisha liulizwe swali moja, na asiondoke mtu barazani kabla halijajibiwa: bendera ya tatu ikipanda usiku wa manane, katika nyumba hii, ni nani atakayesema "Twendeni"?